Nunda: Jahili au Nguli?

Miongoni mwa ngano alizozikusanya Edward Steere mjini Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, imo ile ya Sultani Majinuni. Mwalimu akiulizwa jahili wake ni nani, hatasita: ni nunda, mla watu.

Sisi twasita. Mnyama huyo ni paka wa Sultani mwenyewe. Alipoua ndama watu walishtaki, wakajibiwa kuwa paka ni wa Sultani na ndama ni wa Sultani. Ikawa vivyo hivyo kwa mbuzi na ng'ombe, hata ikafika zamu ya binadamu. Sultani alilitamka jina la nunda wanawe watatu walipouawa, si kabla.

Basi mwandishi atakayewasimulia vijana ngano hii kwa kinywa cha mnyama, na ajiite paka hadi mwisho, kwani yeye hakuiona siku aliyogeuka. Akijiita nunda tangu ukurasa wa kwanza, hukumu ya Sultani imekwisha kupita. Wala asijitakase, damu ya watoto wale imo kinywani mwake.

Hapa istilahi zetu zapwaya. Nguli hutaja nafasi ya mhusika katika kisa. Jahili hutaja mwenendo wake. Tukiyapanga maneno haya kama usiku na mchana, mwanafunzi ataamini kuwa msimulizi hawezi kuwa mwovu. Tena jahili, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mjinga. Ukatili tumeuongeza sisi. Twapendekeza fasili zitaje maana zote mbili. Ujinga ni wa paka. Ukatili tungeanza kuutafuta kwa Sultani.