Maji ya Mlima katika Hodhi ya Kioo

Mtu aliyezoea maji ya visima vya Mombasa, ambayo hupenya miamba ya matumbawe na kuichukua chokaa yake hata birika la chai likaota ukoko mweupe, akipanda hadi Meru au Embu atakuta maji ya tabia nyingine kabisa. Kwani mito ya Kathita na Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya juu ya mawe ya volkano, na jiwe jeusi la huko ukilidondoshea siki halitoi povu, yaani halina chokaa. Afugaye samaki wadogo waendao kwa makundi hana budi kulitia hilo maanani kabla hajanunua kioo.

Fauka ya hayo, mji wa Meru uko mita 1,500 na ushei juu ya bahari, na katika kimo hicho maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja katika sita. Lakini mlima, mithili ya mdeni muungwana, hulipa kwa mkono wa pili: maji baridi hushika oksijeni zaidi, hivyo hodhi ya Meru yenye nyuzi 20 huweza kushika kama miligramu 7.6 kwa lita, na ya Mombasa yenye nyuzi 28 kama 7.8. Mtu akitia hita apandishe joto hadi nyuzi 26 kwa ajili ya samaki aitwaye neoni wa Amazoni, kiwango hicho kitashuka hadi 6.8 hivi, naye atakuwa amelipia umeme ili kuwapunguzia samaki pumzi. Mimi naona afadhali danio mwenye michirizi, atokaye Bara Hindi, au Tanichthys albonubes wa Mlima wa Mawingu Meupe karibu na Guangzhou, ambaye nyuzi 18 kwake ni raha.

Hodhi ya lita 100 yatosha. Chini hutandazwa udongo usiotiwa mbolea, unene wa vidole viwili, ukafunikwa kwa mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Kisha mimea, hususa valisneria, hupandwa kwa wingi siku ya kwanza, kwa sababu mimea michache huuachia mwani nafasi. Taa iwake kwa muda wa saa saba au nane kila siku. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi katika ndoo siku nzima.

Baada ya hapo ndipo penye mtihani. Kinyesi na chakula kilichosalia hutoa amonia, ambayo bakteria wa aina moja huigeuza nitriti, na wa aina nyingine nitrati. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuimarika, na aghalabu zaidi katika baridi. Kazi yao hula chokaa ile ile iliyo adimu katika maji ya mlima, maji yakaingia uchachu, na uchachu ukizidi bakteria huzorota. Hapo pana hadaa: katika maji machachu amonia nyingi hukaa katika umbo lisilo kali, samaki wakaonekana wazima, hata mwenyewe adhani mambo yamenyooka, kisha amwage chokaa kwa pupa, uchachu uishe kwa mara moja, ile amonia igeuke sumu, na kufikia asubuhi kundi zima liwe limeelea. Dawa ni kipande kidogo cha tumbawe ndani ya chujio tangu mwanzo, kiyeyuke kwa taratibu zake, na kubadilisha robo ya maji kila wiki. Laiti wauzaji wangelisema hili kabla ya kuhesabu fedha!

Samaki watiwe kumi au zaidi wa jamii moja, kwani wakiwa watatu huishi kwa hofu, wakaacha kula na rangi zikafifia. Wageni hulisifu kundi lililoshikamana likigeuka kwa pamoja, ilhali kushikamana huko aghalabu ni dalili ya hofu. Kundi lililotulia hutawanyika, kila mmoja akidonoa penye jani lake, likajikusanya tu kivuli kipitapo. Umeme ukikatika usiku, chujio husimama na mimea nayo huvuta oksijeni badala ya kuitoa, basi maji na yakorogwe kwa kikombe, na chakula kisitiwe mpaka urudi. Maji yaliyotolewa yamwagwe migombani, wala samaki mgeni asiachiliwe mtoni, maana Kathita na Rupingazi yote huishia katika mto Tana.