Simba Ana Kaburi, Mbuzi Hana Jina

Hadithi maarufu zaidi kuwahi kutoka Meru shujaa wake si Mmeru wala Mtharaka. Ni simba. Joy Adamson alichapisha Born Free mwaka 1960, kikasomwa karibu kila pembe ya dunia. Mwaka 1966 kikawa filamu, muziki wake ukabeba Oscar mbili. Hadi leo, mtalii akiingia Meru National Park, huenda simba huyo yumo kichwani mwake tayari. Jina lake Elsa. Kaburi lake liko kando ya mto Ura, ndani ya mbuga, na watu husafiri mbali kuja kuliona.

Naandika kuhusu kitabu cha miaka sitini na kitu kwa sababu moja. Kila tukianza kuongea juu ya maendeleo na mazingira huku Meru na Embu, mjadala unageuka kuwa mechi: timu ya ndovu upande huu, timu ya shamba upande ule, na sisi mashabiki tunapigiana kelele. Nadhani Born Free ilichangia sana kutufikisha hapa. Ilifundisha dunia kusimulia mazingira bila majirani.

Tumpe Joy haki yake kwanza. Mwaka 1956 mumewe, George Adamson, afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam. Elsa akabaki. Wakamlea, halafu wakafanya jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria: wakamfundisha kuwinda ili arudi porini. Jaribio la kwanza, kule Maasai Mara, lilishindikana, Elsa akawa mgonjwa. Walipomleta Meru, akafaulu. Akapata dume la porini, akazaa watoto watatu. Januari 1961 akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Kama hadithi, inashika. Joy alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi, na unaona jicho hilo kila ukurasa. Anajua simba akikasirika anakaaje, akicheza anafanya nini, akitaka kupendwa anakuja vipi. Huwezi kusoma kitabu kile halafu uone mnyama wa porini kama nyama au ngozi tu.

Lakini ni jicho lilelile lililochora mamia ya picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, nyingi zikihifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Kwa hivyo huwezi kusema Joy hakujua kuwatazama watu. Alijua. Ila kwenye kitabu, watu wanapungua hadi wanakuwa kazi wanazofanya. Nuru ni wa kuwaangalia watoto wa simba. Makedde ni askari wa wanyama anayetembea na bunduki. Wanatoka wapi, wanawaza nini, wamemwacha nani nyumbani, hatuelezwi vya kutosha. Simba ana hisia kwa kurasa nzima, na mtu aliyemlisha ana sentensi chache.

Halafu kuna jina lenyewe la kitabu: aliyezaliwa huru. Fikiria tarehe. Elsa anafundishwa uhuru katika wilaya ya Meru mwishoni mwa miaka ya 1950. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ilimalizika Januari 1960. Katika kipindi hicho, Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji pasi ili kusafiri, na wengi walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na homugadi. Yaani wilaya ileile, miaka ileile, simba alikuwa akisaidiwa kuzurura na watu walikuwa wakizuiwa. Sisemi Joy alitunga sheria hizo. Nasema aliandika kitabu chenye neno hilo kwenye jalada, na ukimaliza kukisoma hutajua kwamba kilomita chache kutoka hapo kuna mtu anayeulizwa pasi.

Ukweli unachomoza kwenye kitabu cha tatu, Forever Free, cha 1962. Elsa amekufa, watoto wake Jespah, Gopa na Little Elsa hawajui kuwinda vizuri, na wanafanya kile ambacho simba mwenye njaa angefanya. Wanaingia kwenye maboma ya watu na kula mbuzi. Mambo yanaharibika hadi akina Adamson wanalazimika kuwanasa na kuwapeleka Serengeti.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Kwa mara ya kwanza jirani anaingia akiwa na hoja: huyu simba wenu amekula mali yangu. Mbuzi Tharaka ni karo, ni mahari, ni dawa ya mtoto usiku wa manane. Ni benki inayotembea. Lakini Joy anasimulia sehemu hii kama msiba wa simba. Mbuzi ni tatizo linalowakabili Jespah na wenzake. Tunalia na simba kwenye kizimba, na mwenye boma tunamwacha gizani akihesabu waliobaki.

Utasema hizo ni habari za zamani. Mimi naishi kwa kuandika vibarua vya mtandaoni tangu niache chuo, na naweza kukuambia mtindo huo bado unalipa. Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilinipa kazi ya kuandika kuhusu safari ya kwenda mbuga ya Meru. Niliweka aya moja ya barabara ya kutoka Maua: miraa ikifungwa kwa majani ya mgomba, madereva wakiikimbiza sokoni kabla haijanyauka, mashamba yakishuka hadi karibu na fensi. Aya nzima ikafutwa. Nikaambiwa wageni wanataka pori halisi. Kumbe pori halisi ni lile ambalo mimi na shangazi yangu hatumo.

Sasa tuvuke tuingie Embu, kwa sababu nisije nikaonekana natetea upande wa pili. Hadithi ya maendeleo nayo ina ugonjwa uleule. Huko Mbeere chini, mto Tana umejengewa mabwawa kwa mfululizo: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Ukisikiliza hotuba za miradi hii, shujaa ni saruji, na bonde lilikuwa tupu likingoja stima. Halikuwa tupu. Masinga na Kiambere zilifunika mashamba na malisho, familia zikahama. Badilisha simba uweke tabo la umeme, na hadithi ni moja: kitu kikubwa kinachopendeza, na watu waliokuwa njiani.

Na pale kando ya bwawa la Kamburu, hadithi hizi mbili zimegongana waziwazi. Hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa 1976, ina kilomita 42 hivi za mraba, maji upande mmoja na mashamba upande mwingine. Ndovu wakazaana hadi wakapita 150, wakati hifadhi inaweza kubeba 50 tu. Wakavunja fensi, wakaingia kwenye mahindi. Oktoba 2024 KWS ikawadunga sindano za usingizi ndovu 50, ikawapakia kwenye malori na kuwapeleka Aberdare. Picha zilikuwa kali, ndovu ananing'inia kwa miguu kwenye kreni. Hiyo ndiyo tuliyosambaza kwenye simu. Picha ya shamba la mahindi lililolazwa usiku mmoja haikufika mbali.

Kuna jibu la maana dhidi yangu. Bila Elsa, pengine mbuga ya Meru isingekuwa na mtetezi. Mwaka 1988 majangili waliua faru weupe watano pale, licha ya ulinzi. Mbuga ikaporomoka, na kuiinua tena kulihitaji pesa nyingi kutoka nje. Pesa hufuata hadithi. Virginia McKenna na Bill Travers, waigizaji wakuu wa ile filamu, ndio walioanzisha mwaka 1984 shirika ambalo leo linaitwa Born Free. Nakubali yote hayo. Mapenzi ya watu wa mbali yaliokoa kitu.

Ila mtu wa mbali hawezi kuilinda mbuga saa nane usiku. Anayeweza ni jirani, yule anayemwona jangili akipita, na jirani huyo anataka kujua yuko wapi kwenye hesabu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe milioni tano. Mali iliyoharibiwa nayo ina fidia. Kwenye karatasi, jirani yumo. Ukitaka kujua kama yumo kweli, muulize aliyejaza fomu amengoja muda gani. Na hapo ndipo hadithi inapofanya kazi: hasara ambayo haijawahi kusimuliwa ni rahisi kuiweka chini ya faili zingine.

Kwa hivyo someni Born Free, kitabu ni kizuri. Halafu tafuteni Forever Free na msome kurasa za mbuzi polepole. Na wewe unayeandika, uwe Meru, Embu ama umejificha Roysambu kama mimi, kuna riwaya pale haijaandikwa. Inaanza asubuhi, mama anafungua boma, anahesabu. Hawajatimia. Simba ana njaa kweli, na karo inadaiwa kweli. Usimfanye mmoja wao kuwa mandhari.