Msitu Uliobandikwa Kitabuni

Mchoraji atakaye kuonyesha jani hushika kalamu na rangi, na aliye hodari hutudanganya hata tukadhani jani li hai. Jeannie Baker, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1950 akahamia Australia, hana haja na udanganyifu huo. Yeye huliokota jani lenyewe, hulitengeneza lisioze, kisha hulibandika mahali pake. Vitabu vyake ni vya watoto. Lakini nakusihi, msomaji, usivipuuze kwa kuwa umeuvuka umri huo.

Twaa kile kiitwacho Where the Forest Meets the Sea, kilichotolewa mwaka 1987. Kisa chake ni chepesi. Mtoto wa kiume na baba yake waenda kwa mashua hata pwani ya kaskazini mwa Queensland, penye msitu wa Daintree. Baba avua samaki. Mtoto aingia msituni peke yake, naye amekwisha kuambiwa kwamba msitu ule umekuwapo zaidi ya miaka milioni mia moja. Basi, ni hayo tu.

Lakini tazama picha. Baker alisafiri mara mbili kwenda huko kuchunguza na kukusanya vitu, kisha akaijenga kila picha kwa mimea iliyohifadhiwa, udongo wa kufinyangia, karatasi na rangi, ndipo ikapigwa picha kwa ajili ya kitabu. Mtoto afikapo penye mti wa kale wenye uwazi ndani yake, jicho hutaka kupapasa gome. Na katikati ya miti mna vivuli: huku mnyama mkubwa wa zama zilizopita, kule mtoto wa wenyeji wa asili. Vimefifia kama moshi, asiyetulia havioni.

Hapo ndipo ulipo ustadi wake. Katika ukurasa wa mwisho mtoto ajiuliza kama msitu utakuwapo watakaporudi, na juu ya ufuo ule yatokea mahoteli, nayo yamefifia vile vile. Kwa vivuli vya jana tumekwisha kufundishwa kuvisoma vivuli vya kesho. Hakuna mzee anayetukaripia. Tumeonyeshwa jani la kweli na hoteli ya moshi, tukaachwa tuchague.

Wako watakaosema kwamba haifai kumtia mtoto hofu ya namna hiyo. Mimi sikubaliani nao, kwa maana hofu ile haikubuniwa: mwaka 1983 na 1984 watu walisimama mbele ya matingatinga kuzuia barabara isikatwe katika msitu huo huo. Mwaka 1988 misitu ya eneo hilo ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Sisemi kwamba kitabu ndicho kilichofanya hivyo.

Kasoro ninayoiona ni watu. Majani yake yapumua, lakini baba na mwana wamesimama kama wanasesere, na nyuso zao hazituambii mengi. Katika Window, cha mwaka 1991, kisicho na neno hata moja katika hadithi yake, kasoro hiyo hainisumbui sana, kwa kuwa macho yetu yako nje ya dirisha, yakitazama mji ukiumeza mwitu mwaka baada ya mwaka.

Ukibahatika kukipata kile cha msitu, mtafute kwanza mnyama wa kale kabla hujasoma maneno. Amefichwa vizuri.