Siku 14 za Kihisi: Namna ya Kuanza Kupima Glukosi Mfululizo

Mgonjwa wa kisukari anayeishi Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, kwa kawaida huijua hali yake kwa njia mbili: tone la damu ya kidole, ambalo huonyesha kiwango cha sukari cha dakika ile tu, na kipimo cha HbA1c, yaani sehemu ya himoglobini iliyoshikamana na glukosi, ambacho hukadiria wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Yanayotokea baada ya mlo au usiku wa manane hupita bila kuonekana. Kihisi kinachovaliwa mwilini huyaonyesha, lakini kwa kuwa ni ghali na hudumu siku chache, kaya isiyoweza kukinunua mfululizo hufaidika zaidi ikikitumia kama chombo cha uchunguzi wa muda, kitakachobainisha saa zinazostahili stripi chache za kupimia damu ya kidole zitakazopatikana baadaye.

Msingi wa kifaa hiki uliwekwa mwaka 1962, pale Leland Clark na Champ Lyons walipoeleza namna ya kuunganisha elektrodi na kimeng'enya kinachooksidisha glukosi, ili mmenyuko huo utoe ishara ya umeme inayoweza kupimwa. FreeStyle Libre, iliyoingia katika soko la Ulaya mwaka 2014, ni kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu kwa siku 14, kikiwa na uzi mwembamba wa takribani milimita 5 unaoingia chini ya ngozi. Uzi huo haugusi damu, bali hupima glukosi iliyomo katika majimaji yanayozunguka seli, na kwa sababu glukosi huchukua dakika kadhaa kutoka kwenye damu hadi huko, namba ya kihisi huchelewa kila sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Ndiyo maana mgonjwa aliyekunywa maji ya sukari baada ya sukari ya damu kushuka anaweza kuona kihisi kikiendelea kuonyesha kiwango cha chini ilhali damu imekwisha kupata nafuu. Hapo kidole ndicho cha kuaminiwa, asije akanywa tena bila sababu.

Uchunguzi huanza kabla ya kubandika. Kihisi cha Libre ya kwanza kilitakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 4 na 25, sharti lililo gumu Tabora mwezi Septemba na Oktoba, ambapo joto la mchana huvuka nyuzi 30. Palipokosekana jokofu, mtungi wa udongo unaopozwa kwa maji, huku kifurushi kikiwa ndani ya chombo kisichopitisha unyevu, hupunguza joto hilo. Ngozi husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke, mahali penye kovu huepukwa, na baada ya kubandika husubiriwa saa 1 kabla ya usomaji wa kwanza. Siku ya kwanza usomaji huweza kuyumba, hivyo hulinganishwa na kidole. Kwa kuwa kihisi cha aina hiyo huhifadhi takwimu za saa 8 tu, simu au kisomaji hupitishwa juu yake kabla ya kulala na mara baada ya kuamka, la sivyo grafu ya usiku itabaki na pengo. Anayelalia mkono wenye kihisi aweza kuona mshuko wa uongo, kwani mgandamizo huathiri majimaji yanayopimwa.

Katika siku tatu za mwanzo hakibadilishwi chochote, ili grafu ionyeshe maisha yalivyo. Baada ya hapo hujaribiwa jambo moja kwa wakati mmoja: ugali uleule kwa kipimo kidogo zaidi, embe lililoliwa peke yake, au matembezi ya nusu saa baada ya mlo. Asali ya miombo, ambayo ni fahari ya Tabora, hudhaniwa na baadhi ya watu kuwa haidhuru kama sukari ya dukani. Lakini takribani asilimia 80 ya uzito wa asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kijiko kimoja katika chai hutosha kumwonyesha mgonjwa jinsi mwili wake unavyoipokea.

Siku 14 zinapokwisha, matokeo hupelekwa kwa daktari, awe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete au kwingineko, na mgonjwa habadilishi dozi ya insulini kwa uamuzi wake. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliwashauri watu wazima wengi wabaki kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, yaani takriban saa 17 za siku, na wawe chini ya 3.9 kwa muda usiofika asilimia 4. Wazee na walio dhaifu huwekewa malengo mepesi zaidi. Ikiwa grafu imeonyesha mshuko wa alfajiri na mpando wa baada ya chakula cha jioni, basi stripi mbili za siku zitakazofuata zina saa zake, badala ya kumalizwa zote asubuhi kwa mazoea.