Kengele ya Mwanzishaji

Mwishoni mwa Desemba 2024 uwanja wa Freehold, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulifanya mbio zake za mwisho. Farasi wa vigari walikuwa wakikimbia hapo tangu karne ya 19. Roosevelt Raceway wa Long Island ulishatangulia mwaka 1988, na Pompano Park wa Florida ukafungwa mwaka 2022. Kila uwanja unapokufa, wapenzi wake huwataja farasi mashuhuri, waendeshaji hodari na fedha zilizochezwa pale. Mwanzishaji wa mbio hatajwi sana, ingawa kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha farasi wanane wanaanza sawa na hakuna mtu anayerudi bandani na kinyongo.

Farasi hawa hawaruhusiwi kupiga shoti. Huenda telki, hatua zimepimwa, wakivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, na mwendeshaji ameketi nyuma ya mkia miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Anayevunja mwendo akapiga shoti hukazwa hatamu mpaka aurudie, wenzake wakimpita. Ndiyo maana hawezi kufungiwa kizimbani na kuachiliwa ghafla kama farasi wa kupandwa. Lazima aufikie mstari akiwa tayari mwendoni. Na katika uwanja wa nusu maili kama ule wa Freehold, maili moja ni mizunguko miwili na kona nne. Aliye ndani, jirani na uzio, ana njia fupi. Aliye nafasi ya nane akikosa upenyo mapema atazunguka kona kwa nje, na kila kona itamgharimu.

Nafasi za kuanzia hupigiwa kura, na kura haina wa kulaumiwa. Lawama huanza baadaye, katika zile hatua chache kabla ya mstari, pale mtu anapojiongezea kile ambacho kura ilimnyima.

Kabla ya mwaka 1946 hapakuwa na chombo cha kuaminika cha kuwapanga. Farasi waligeuzwa mbali nyuma ya mstari, kisha wakaja pamoja kwa kasi, yule wa ndani akiwa ndiye kipimo. Mwanzishaji aliwatazama kutoka jukwaa la waamuzi wakimkaribia. Wakiwa sawa, alitamka neno moja tu la kuwaruhusu. Wasipokuwa sawa, aligonga kengele, na wote wakarudi kuanza upya. Walikuja tena, kengele ikalia tena. Siku mbaya wangeweza kurudishwa mara kumi na zaidi huku watazamaji wakipiga miayo.

Mwendeshaji mjanja alijua faida ya kengele hiyo. Akiwa na farasi mtulivu, alitangulia makusudi kwa urefu wa shingo ili wote warudishwe. Jirani yake mwenye farasi wa damu moto aliumia: mnyama alichemka, akatoka povu kifuani, nguvu zikamwishia katika mbio zisizohesabiwa. Ukimuuliza mjanja, alisema farasi wake alimshinda nguvu. Nani angembishia?

Mwanzishaji aliyeijua kazi aliweza. Hakutazama pua za farasi peke yake, alitazama na mikono ya waendeshaji. Hatamu zilizolegezwa mapema zilimwonyesha anayeiba. Hatamu zilizokazwa bila sababu zilimwonyesha anayejikawiza ili baadaye adai kwamba aliachwa. Aliwajua farasi kwa tabia zao: huyu hapendi kubanwa, yule huhitaji kuja taratibu. Alikuwa na uwezo wa kutoza faini, lakini aliyebobea aliianza kazi kwa onyo, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye viti vya watazamaji. Aibu ya namna hiyo ilitosha kumaliza kesi ambayo ingezuka baada ya mbio.

Kanuni zenyewe zilikuwa na busara ya kuvutia. Mbio zilikuwa za raundi kadhaa kwa siku moja. Aliyeshinda raundi ya kwanza alichukua nafasi ya ndani raundi ya pili, na waliobaki wakapangwa kwa mfuatano waliomaliza. Waliofika pamoja bila kutenganishika walibaki katika mpangilio waliokuwa nao kwenye mstari wa mwisho. Kwa hiyo asiyeridhika na kura hakuwa na haja ya kunung'unika siku nzima: aliikimbilia nafasi bora mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Utaratibu wa raundi umebaki mahali pachache. Mojawapo ni maonyesho ya kilimo ya Delaware, jimbo la Ohio, ambako mbio za Little Brown Jug, zilizoanza mwaka 1946, bado huamuliwa kwa raundi na fainali za siku ileile.

Mwaka huohuo wa 1946 ndio uliobadilisha mambo. Roosevelt Raceway ulikuwa umeanza mbio za vigari mwaka 1940, zikifanyika usiku chini ya taa, na watu wa mjini wakija kucheza kamari. Hao hawakuwa na subira ya wakulima. Mwenye uwanja, George Morton Levy, alikuwa wakili, mtu aliyeyajua mabishano kwa kuishi nayo. Alilikubali lango la Stephen Phillips, ambaye mwenyewe alikuwa mwanzishaji: gari lenye mbawa mbili ndefu zilizotandazwa upana wa njia, likienda mbele ya farasi.

Si haki kulibeza lango hilo, kwa kuwa ni ufundi ule ule uliovishwa chuma. Mwanzishaji huketi nyuma ya gari akiwaelekea farasi, pua zao zikikaribia kugusa mbawa, naye akiwasemesha waendeshaji kwa kipaza sauti. Kanuni za chama cha mbio cha Marekani zinataka farasi wafike langoni kiasi cha mita 400 kabla ya mstari. Mita 200 za kwanza gari lisipungue kilomita 18 kwa saa, mita 100 zinazofuata lisipungue 29, kisha kasi ipande polepole mpaka mstarini, mbawa zikunjwe na gari litoweke. Makosa nayo yameorodheshwa: kuchelewesha kuanza, kuja nje ya nafasi, kuvuka mbele ya mwenzako kabla ya mstari, kushindwa kusogea mahali pako. Kuwarudisha farasi kumewekewa sababu chache, kama vile aliyelitangulia lango, aliyezuiwa, aliyekatikiwa na vifaa au aliyeanguka. Neno la kuanza likishatamkwa, hakuna kurudi.

Aliyedhulumiwa bado ana mlango mmoja. Kabla hajashuka kigarini lazima awaashirie waamuzi kwamba ana malalamiko, na akishashuka aende moja kwa moja kwenye simu au jukwaani kwao. Mpaka asikilizwe, matokeo hayatangazwi kuwa rasmi. Ni utaratibu mzuri: mtu anasema akiwa bado na vumbi usoni, wakati mashahidi wote wapo na fedha hazijalipwa.

Ufaransa haijaliacha kabisa jambo la kale. Katika mbio za Prix d'Amérique, zinazofanyika Vincennes tangu mwaka 1920, farasi 18 huanza bila gari, na wakitoka vibaya hurudishwa. Watazamaji huguna, lakini hungoja, maana wanaona kinachongojewa.

Huko Marekani subira ilifukuzwa kwa ajili ya wacheza kamari, na sasa imerudishwa kwa ajili yao hao hao. Katika viwanja vingi saa ya ubaoni hufika sifuri, na farasi huendelea kutembezwa dakika kadhaa ili dau za mwisho ziingie, nyingi zikitoka kwa watu walio mbali na uwanja. Gari liko tayari, mwanzishaji yuko kitini, na farasi walikwisha kupasha misuli kwa kuitegemea saa iliyotangazwa. Mwenye damu moto huchemka na kutoka povu kifuani kama alivyochemka babu yake, ila safari hii mwendeshaji wake hana wa kumshitaki kwa waamuzi, kwa kuwa aliyemchosha hakuwamo kwenye mbio.