Senti za shaba: usiziweke mzanini kabla ya kusoma mwaka

Mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni Tandika au Manzese hajali sarafu imeandikwa mwaka gani. Anaigusisha sumaku, isiponasa, inaingia kwenye fungu la shaba. Kwa kazi yake hilo linatosha. Sarafu zetu za shilingi 50 na 100 zinang'aa njano lakini ni chuma kilichopakwa, na sumaku huziumbua papo hapo.

Mwenye kopo la senti ana hesabu nyingine. Tuanze na senti tano ya Tanzania, ile ya pembe kumi na mbili yenye Mwalimu upande mmoja na samaki upande wa pili, iliyotoka mwaka 1966. Ina gramu 4 hivi, karibu zote shaba, kwa hiyo 250 zinatimiza kilo. Mwaka 2024 bei ya shaba London ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani dola 10 kwa kilo. Kwa bei hiyo kila senti tano inabeba shaba ya kama shilingi 100. Enzi zake, ishirini ndizo zilizofanya shilingi moja! Ila hiyo ni bei ya shaba safi. Ya sarafu imechanganywa na bati na zinki, na mwenye mzani naye lazima ale. Kopo la nusu kilo litakupa shilingi elfu chache tu, kisha umelimaliza.

Peni ya mkoloni, senti kumi yenye tundu na pembe za ndovu, ni nzito zaidi. Hapa ndipo mwaka unapoanza kulipa. Tafuta ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutumia sarafu yake mitaani, sisi tuliitumia. Haitakutajirisha, maana zilitengenezwa nyingi, lakini kuiuza kwa uzito ni hasara.

Za Mjerumani zinataka jicho kali zaidi. Heller moja za kuanzia 1904 zilitoka kwa mamilioni na bei yake ni ndogo, hata wapiga debe wa "rupia ya mamilioni" wakikuapia vipi. Geuza utafute 1916 na herufi T. Hiyo ni Tabora: vita vilikuwa vimefunga njia ya bahari, sarafu zikaadimika, Wajerumani wakazigonga wenyewe huko bara. Heller 20 za Tabora zipo nyekundu na zipo za njano, na wakusanyaji hutofautisha hata umbo la taji. Sumaku haioni lolote kati ya hayo.

Kutoka Zanzibar, pesa ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria (1882) ina picha ya mizani na bado inapatikana kwa urahisi. Adimu ni senti za Sultani Ali bin Hamud za 1908, zenye mnazi. Ukiipata hiyo, usimwonyeshe mwenye mkokoteni.

Kuna kundi moja lisilo na bei kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zimo. Anayechimba msingi Kunduchi, karibu na magofu, akikuta kitu cha namna hiyo, aende Makumbusho ya Taifa.

Kosa kubwa nyumbani ni kusugua kwa limau na majivu ili sarafu ing'ae. Mkusanyaji hununua rangi ya kahawia iliyojengwa na miaka. Ukiisugua, umeirudisha kwenye bei ya kilo. Iache na uchafu wake, itenge kwa mwaka na herufi, na zile senti tano za kawaida zilizochakaa zipeleke kwenye mzani bila majuto.