Wenzo wa Thomas Mudge

Hapa Kibabi, katika milima ya Masisi, ambako wanaume hushuka mashimoni tangu alfajiri kutafuta koltani na kasiteriti, jiwe hupimwa kwa kilo na bei yake hutajwa lingali na matope. Na huenda ndiyo sababu mimi, niliyezoea kuona madini yakithaminiwa kabla ya kuguswa na fundi, nikaihusudu mno kazi ya mkono uyapokeao baadaye na kuyatia akili.

Katika saa za dhahabu ambazo wafalme wamepata kutunuku, sijui inayostahili sifa kuliko ile ya mfukoni ambayo Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliinunua mwaka 1770 akampa hidaya mkewe, Malkia Charlotte. Aliyeiunda ni Thomas Mudge, mtu wa Devon, aliyefunzwa kazi London na bingwa George Graham. Dhahabu ya ganda lake sonara yeyote hodari angaliweza kuifua. Fahari yake imo ndani, mahali ambapo jicho la malkia mwenyewe, seuze la wageni wake, halikuwa na desturi ya kufika.

Kamani ikishakazwa hutaka kufunguka kwa pupa, na lau ingeachiwa, akrabu zingezunguka ovyo hata nguvu ikaisha kwa kitambo kidogo. Basi hapana budi pawe na kizuizi cha kuyaachia magurudumu jino moja moja, kwa kufuata mwendo wa mizani iyumbayo kwenda na kurudi. Katika saa za kale mizani ile haikupata raha: ilisuguliwa muda wote, na kila msuguano uliiharibia majira. Mudge akaweka baina ya magurudumu na mizani wenzo mdogo, uipao mizani msukumo wa lahadha moja kisha ukajitenga nayo, mizani ikabaki huru kwa tabia yake mpaka zamu irejee. Kuwaza hivyo ni jambo kubwa. Kukichonga kitu chenyewe kwa tupa, kwa kipimo kisichostahimili kosa la unywele, ni kubwa zaidi.

Wala mfalme hakununua asichokijua. Mwaka 1772 aliijaribu mwenyewe saa ya baharini ya fundi John Harrison, katika jumba lake la kutazamia nyota huko Richmond, akamtetea mzee yule aliyekuwa amecheleweshewa haki yake. Hidaya itokayo kwa mjuzi kama huyo humtukuza fundi pamoja na mpokeaji.

Mudge aliona wenzo wake ni mgumu mno kwa mafundi wengi, akaunda saa chache tu za namna ile, akageukia saa za baharini, hata alipofariki mwaka 1794. Karne iliyofuata mafundi wa Uingereza na Uswisi wakaurejea, wakaurahisisha, wakaueneza. Na karibu kila saa ya kamani ambayo wazee wetu waliivaa mkononi, kutoka Goma hata Unguja, iligawa muda wao kwa wenzo huo.